Suti Iliyosimama Bila Mtu

"Mimi siendi."

"Utaenda."

"Nimesema siendi. Mara tatu umenituma Musoma, nimeenda. Umenituma Mwanza, nimeenda, nikalala stendi kama mbwa. Sasa unataka tufunge safari tukaangalie mwezi? Mwezi si huo uko juu, toka nje uangalie."

"Huo wa juu nimeuangalia tangu nizaliwe. Haujaniambia kitu."

"Na wa Homa Bay utakuambia?"

"Cephas, nimechoka na mdomo yako. Toa koti ya ndugu yako, ipige vumbi, uitundike vizuri. Halafu tunaondoka."

Nikatoa koti. Ningefanya nini? Ukibishana na baba yangu unachoka wewe, yeye anabaki amekaa vilevile. Anaitwa Onyango, mzee wa kanisa la Wasabato pale Muhuru, mvuvi wa omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, maisha yake yote. Na hiyo koti ni ya ndugu yangu mkubwa, Jared. Ilikuwa imekaa kwa msumari ukutani miaka minne. Kila Jumapili natoa nje, natikisa, naianika kidogo, narudisha. Hakuna mtu anaivaa. Ukiigusa na mikono ya samaki, mzee hakuongeleshi siku mbili.

Jared alipotea ziwani mwaka wa sitini na tano. Walitoka watatu na mtumbwi, upepo ukaja, na siku ya pili mtumbwi ukaokotwa karibu na kisiwa cha Remba umepinduka, karabai bado imefungwa na kamba yake. Wale wawili wengine maji yaliwatoa siku ya nne, tukawazika. Jared maji hayakumtoa.

Sasa kwetu, mtu asipopatikana, kuna njia. Kuna mti unaitwa yago, unazaa tunda refu zito, linaning'inia kama mguu wa mtu. Unachuma hilo tunda, unalizika badala ya mwili, mnalia vizuri, mnamaliza. Mtu amepata mahali pake pa kulala na nyinyi mnaendelea na maisha. Baba mdogo Nicodemus, ndugu ya baba, ako na huo mti nyuma ya boma lake. Kila mwaka anakuja anasema, "Onyango, mti umezaa." Kila mwaka baba anamjibu Biblia haijui yago. Watu wa kanisa walimsifu sana kwa hiyo. Ati mzee amesimama imara. Lakini mimi ndiye nilikuwa nakula naye sahani moja, na ninakuambia haikuwa Biblia. Hakutaka tu.

Mimi ndio nilikuwa nimekwama hapo katikati. Mdogo haoi mbele ya mkubwa. Mkubwa akiwa hai na hajaoa, unangoja. Akiwa amekufa na amezikwa, unaendelea. Jared hakuwa hai na hakuwa amezikwa. Roselyn wa Karungu alikuwa amenivumilia miaka miwili, na watu wake walikuwa wameshasema wazi: mwaka huu ukiisha bila mimi kuja na wazee wangu, kuna mwanaume mwingine anamtaka, ako na ng'ombe na hana ndugu yeyote aliyepotea. Hiyo ilikuwa Septemba. Roselyn mwenyewe aliniambia, "Cephas, mimi nakutaka wewe, lakini sitazeeka nikingoja mtu wa maji." Sikumlaumu.

Yago peke yake ingenifungulia njia, na wa kukubali ni baba peke yake. Na baba hakukubali kwa sababu Jared alikuwa ameonekana Musoma.

Hiyo habari ya Musoma nilileta mimi. Nitafika hapo.

Siku tuliyotoka ilikuwa mwezi mkubwa, kwa hiyo hatukuwa na kazi. Omena inataka giza. Unawasha taa juu ya maji meusi, omena inakuja kwa taa, unafunga nyavu. Mwezi ukijaa taa yako haina maana, samaki inatawanyika kila mahali, na nyinyi mnakaa nyumbani mkiangaliana na njaa. Ndio maana watu wa Muhuru walipoambiwa na redio ati wazungu wamekanyaga mwezi, mtu mmoja alisema, "Si wangeuzima wakiwa huko." Tulicheka wiki nzima.

Baba hakucheka. Yeye alisikiza ile redio mpaka betri ikaisha. Halafu ikatangazwa kuna gari la maonyesho linazunguka, litakuwa Homa Bay siku tatu, na vitu vya hiyo safari ndani yake. Akasema, "Nataka kuona vitu vya watu walioenda mbali namna hiyo wakarudi." Hapo nikajua tunaenda wapi na hiyo maneno.

Tulipanda lori ya pamba mpaka Migori, tukalala kwa mtu wa kanisa, asubuhi tukashika basi. Njia nzima alikuwa ameshika kofia kwa magoti kama amebeba mayai. Tulipofika Homa Bay miguu yake ilikuwa imevimba, akakaa kwa jiwe kwanza, na mimi nikasimama pale nikimwangalia na nikasikia uchovu wa ajabu. Si wa safari. Ule wa kumwangalia mtu akingoja.

Vitu vilikuwa ndani ya holi ya kaunsil. Askari mmoja mlangoni anatupima na macho. Mwaka ule tulikuwa tumelia sana watu wa huku, mtu wetu mkubwa alipigwa risasi mjini, sitaki kueleza zaidi, wenye kujua wanajua. Kwa hiyo ulikuta watu wamepanga foleni kimya, wanawake na leso kichwani, wanaume wamevaa makoti, kama ni matanga wanaenda.

Ndani kulikuwa na picha kubwakubwa za vumbi. Kulikuwa na mpira wa mwezi, una mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kulikuwa na kichombo cha miguu minne, kama buibui, wakasema ndicho hicho walishuka nacho, ila kile chenyewe ni kikubwa kuliko nyumba. Mwenye kueleza alikuwa kijana wa Kikuria, Werema, shati nyeupe na tai, sauti imemkauka kabisa. Alikuwa amesema maneno yaleyale tangu Kisii. Aliyasema kama mtu anasoma majina ya rejista.

"Mawe yako wapi?" mtu akauliza.

"Mawe hatukuja nayo."

"Basi mmeleta nini?"

"Picha, na mifano."

"Picha hata mimi niko nayo nyumbani. Ya harusi."

Watu wakacheka kidogo, tukasogea. Na huko mbele, nyuma ya kamba, ndio tukaikuta. Suti nyeupe, imesimama yenyewe, mikono iko hivi imetoka kando, na kichwa cha kioo. Ukiangalia ndani ya kioo hakuna uso. Mbele yake meza, kwa meza picha tatu za wanaume wanatabasamu, ziko kwa fremu, na mtu wa holi, sijui nani alimtuma, alikuwa ameweka maua kwa gilasi.

Wewe fikiria. Nguo ya mtu imesimamishwa mbele, mwenyewe hayumo. Picha kwa fremu. Maua. Foleni ya watu.

Mama mmoja mzee mbele yetu, aliitwa Bathsheba, nilijua baadaye maana kila mtu alikuwa anamwita amnyamazishe, huyo mama aliweka mikono kichwani. "Uwiii! Yawa! Watoto wa watu!" Akaanza. Sauti ile ya kilio yenyewe, ya kutoka tumboni. Mwenzake nyuma akadakia. Kabla hujahesabu kumi, holi nzima ilikuwa inalia. Wanaume wakatoa kofia. Mzee mmoja akaenda mpaka mbele ya suti akaanza kumsifu marehemu, ati ni dume lililovuka mahali pasipo maji. Nakuambia kilio kilikuwa karibu mwaka ule, kilikuwa kinatafuta tu mahali pa kutokea.

Werema alishika kamba na mikono miwili. "Mama! Mama, hakuna maiti hapa! Hawa watu wako hai! Wako kwao wanakula!"

"Kama wanakula," Bathsheba akamuuliza, machozi yanatiririka, "mbona umesimamisha nguo yao?"

"Si yao! Ni mfano!"

"Mfano wa nini?"

"Mfano wa mtu! Imesimama badala ya mtu, muone vile alikuwa!"

Kilio kikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Omera, ndugu yangu, mmetufanya tulie bure." Bathsheba akajipangusa na leso, akamwangalia kijana wa watu kutoka kiatu mpaka tai. "Basi nirudishie machozi yangu," akasema. Hapo hata askari alicheka.

Baba hakucheka na hakuwa amelia. Alikuwa amesimama na kofia yake kifuani, anaangalia zile picha tatu. Watu walipotawanyika akamsogelea Werema. Kiswahili cha baba ni kile cha sokoni.

"Kijana. Hapa iko watu tatu. Lakini redio ilisema watu mbili nakanyaga chini."

"Ndiyo, mzee. Wawili."

"Sasa hii ya tatu, ilienda wapi?"

Nafikiri hakuna mtu alikuwa amemuuliza hilo tangu Kisii, maana Werema aliamka kidogo. Akatoa kifuniko cha soda mfukoni, akaanza kukizungusha kando ya ule mpira wa mwezi. "Huyu wa tatu hakushuka. Alibaki juu, peke yake, anazunguka. Akiwa upande huu, wanamsikia kwa redio. Lakini akipita huku nyuma," kifuniko kikapotea, "hakuna mtu anamsikia. Wenzake hawamsikii. Kwao hawamsikii. Karibu dakika hamsini, kimya. Halafu anatokea hapa." Kifuniko kikatokea.

"Tena."

"Nini?"

"Zungusha tena."

Akazungusha tena. Baba aliinama akaangalia kile kifuniko kikipotea na kikitokea, na nakwambia uso wake ulikuwa kama wa mtoto ameona treni.

"Na akiwa hapo nyuma, watu yake nalia?"

"Hapana, mzee. Wanangoja. Wanajua dakika."

"Na dakika ikipita? Yeye hapana tokea?"

Werema akafunga kifuniko mkononi. "Mzee, hewa yake imepimwa. Iko na masaa yake. Masaa yakiisha, imeisha. Wangejua tu. Hata wasimuone."

"Wangejua," nikasema mimi. Nilisema kwa nguvu. Baba hata hakugeuka.

Tulitoka nje, tukasimama kwa ngazi ya holi, jua kali, ziwa liko pale chini linang'aa kama bati mpya. Baba alikuwa anatabasamu. Sasa aliongea kwa lugha yetu, haraka, kama mtu amepata kitu kilichopotea.

"Umeona? Amepita nyuma. Hakuna mtu anamsikia, mama yake hamsikii, na yeye mwenyewe ako hai, anakula, anaendelea na safari. Halafu anatokea upande ule."

"Baba, yule kijana amesema kuna masaa."

"Hiyo ni ya hewa. Jared ako nchi kavu, hewa iko. Wewe ulisema mwenyewe, yule mama Nyangi alimpa ugali, akamuona na macho yake." Akavaa kofia, akaitoa tena. "Kesho kutwa utavuka. Utaanzia kwa Nyangi hapo Musoma, umuulize tena, polepole. Labda mara ya kwanza ulikuwa mdogo, hukuuliza vizuri."

Hapo ndipo niliishiwa. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimefikiria nitasema siku moja, nikiwa nimeoa, nikiwa na watoto, yeye akiwa mzee sana. Lakini nilimuona akihesabu siku na vidole, anatafuta siku ya mimi kuvuka, na nikajua atahesabu hivyo mpaka nizeeke. Mwezi ukijaa ananituma, mwezi ukiisha namletea hadithi.

"Baba, hakuna Nyangi."

"Amehama?"

"Hajahama. Hajawahi kuwako. Nilimtunga mimi."

Alinitazama kama nimeongea Kikuria.

"Nilienda Musoma nikauliza siku nne," nikasema. "Sokoni, kwa wavuvi, hospitali, kwa askari. Hakuna mtu alimuona. Nikarudi kukuambia hivyo. Nikakukuta umekaa pale mitumbwi inapotua, mahali nilipokuacha, na Baba Nicodemus akaniambia hujala vizuri wiki tatu. Shingo yako ilikuwa nyembamba. Sikuweza. Nikasema kuna mama amemuona. Ukauliza mama gani, nikasema Nyangi. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia, kuna mtu nilimsikia akiitwa hivyo sokoni. Jioni hiyo ulikula."

"Ulisema alikuwa na kikohozi."

"Nilitunga."

"Ulisema alivaa shati ya mtu, kubwa."

"Nilitunga, baba. Ulikuwa unauliza, na mimi naongeza. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Ningependa angenipiga na fimbo hapo mbele ya askari, mambo yakaisha. Alibaki anazungusha kofia kwa vidole, ukingo wote, mpaka alipoanzia.

"Nimemwombea huyo mama," akasema.

"Najua."

"Kwa jina. Kila Sabato. Mimi nimesimama mbele ya kanisa nikasema, Mungu mkumbuke Nyangi wa Musoma aliyempa mtoto wangu chakula, mpe mvua, mpe afya watoto wake. Watu wakasema amina. Miaka minne. Nilikuwa namwombea nani?"

"Sijui, baba."

"Hujui."

"Sijui."

Ndani Werema alikuwa ameanza tena na kundi lingine. Tulimsikia kutoka pale. Sauti ileile iliyokauka: hizi ni picha, hiki ni kichombo, mawe hatukuja nayo. Mtu akauliza kitu, halafu Werema akasema, kwa uchovu sana, mapema kabla ya mtu kulia, "Hii suti si ya mtu. Imesimama tu badala ya mtu."

Baba aligeuza kichwa. Kutoka kwa ngazi uliweza kuiona, kule mwisho, nyeupe, mikono imetoka kando, juu ya vichwa vya watu. Aliiangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nafikiria Roselyn, sitadanganya. Nilikuwa nafikiria ameenda, sasa ameenda kweli, maana mzee akikasirika kiasi hiki hatanipa hata neno, wacha wazee wa kunisindikiza Karungu. Nilikuwa nafikiria pia nimelala vibaya miaka minne na leo pengine nitalala.

"Wamekuja na nguo tupu kutoka mbali huko," baba akasema, hakuwa ananiambia mimi. "Na hawaoni haya."

Halafu akavaa kofia, akaibana vizuri.

"Nicodemus anasema mti umezaa."

"Ndiyo. Alisema juzi."

"Utapanda wewe. Usitume mtu. Utachuma na mkono wako huo huo."

"Ndiyo, baba."

"Usiniletee ndogo. Jared alikuwa mrefu."

"Ndiyo."

"Na tunda utaifungia ndani ya ile koti. Uifunge vizuri, vifungo vyote. Hakupenda koti wazi, alikuwa anashikwa na baridi. Hiyo ya baridi hukutunga wewe. Hiyo najua mimi."

"Ndiyo, baba."

"Wachungaji waseme watakavyosema."

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kusema asante, au pole, au kitu chochote ambacho mwanaume anamwambia baba yake siku kama hiyo, na sikuwa na neno hata moja. Maneno yangu yote nilikuwa nimeshayatumia kwa Nyangi.

"Basi inatoka saa nane," nikasema.

"Najua saa ya basi. Usinifuate."

Akageuka, akashuka ngazi moja moja kwa ile miguu yake iliyovimba, akapita askari bila kumsalimia, akaelekea upande wa ziwa.